Kura yangu kwa Sayyid Khalid, kwa sharti

Mhariri, mmeuliza wiki hii: ni mpiganaji gani aliyewapinga wakoloni anayestahili barabara yenye jina lake mjini Unguja? Najua wengi watamtaja Abushiri, aliyewatoa jasho Wajerumani huko Mrima mpaka wakamnyonga Pangani, Disemba 1889. Sina ubishi. Mimi yananikera ya Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani wa Zanzibar 1896 bila Waingereza kumtaka, na zaidi ya wale waliomfia.

Zamani, lile jumba la Beit al-Ajaib halijabomoka, tulikaa Forodhani na marehemu babu tukinywa kahawa. Akapita mtembeza wageni na kundi lake, akawaambia hapa ndipo vilipopiganwa vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38. Wageni wakacheka. Mmoja akatazama saa yake mkononi. Babu alikuwa akikisikia Kizungu vizuri. Alikiweka kikombe kwa kishindo, kahawa ikammwagikia kanzu, hata hakuifuta. Akamwita yule mtembeza wageni:

"Mjukuu wangu, hebu njoo. Waliokufa umewatajia?"

"Shikamoo babu. Hilo huwa hawaulizi."

"Wasipouliza ndiyo usiseme? Watu kama 500, maiti na majeruhi! Waingereza, baharia mmoja tu aliyejeruhiwa, naye hakufa."

Kijana akaomba radhi kwa adabu, akawakimbilia wageni wake waliokwishafika kwenye mishkaki. Babu hakunyamaza mpaka adhana ya isha.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema Khalid hastahili. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilianza kupiga kasri saa 3 asubuhi, na siku hiyohiyo yeye yumo kwa balozi wa Wajerumani, watu wake wamelala chini ya vifusi. Tena alikuwa anagombea kiti chake mwenyewe cha usultani. Na watumwa waliokuwemo mle kasrini, nani aliwauliza?

Lakini aliambiwa ateremshe bendera atoke, akakataa, huku manowari anaziona dirishani. Meli ya Sultani, Glasgow, nayo ikajibu mizinga mpaka ikazama. Waingereza wakamweka Sayyid Hamoud wamtakaye awe Sultani. Khalid walimkamata baadaye, katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakampeleka uhamishoni St Helena na Shelisheli. Alifia Mombasa 1927. Aliyekubali kutawaliwa hafanyiwi hayo.

Basi kura yangu nampa, ila kwenye kibao watangulie waliokufa, watumwa na askari pamoja, jina lake lifuate chini. Kama hilo ni zito, mpeni Abushiri.