Kwa nini shamba halimo kwenye orodha

Mwanangu salaam, huku sote wazima, baba yako kifua kimetulia. Ile picha ya orodha ya mali ya marehemu nimeikuza mpaka macho yakauma, mwandiko wenyewe siuwezi ila ulivyoninakilia chini ndo nikaelewa. Umeuliza inakuwaje huyu mkulima wa Kiingereza wa miaka ya 1600 kafa, majirani wamekuja kuandika kila kitu mpaka samadi iliyorundikwa uani, halafu shamba halimo, na vya mkewe hakimo hata kimoja. Ukasema labda hakuwa na ardhi na mke labda alishatangulia. Hapana mama, hayo usiyaandike kwenye kazi yako.

Mi nimekaa masijala ya mahakama napokea mafaili ya mirathi, ukiona orodha yoyote ya marehemu jiulize kwanza inamlinda nani. Hiyo yenu inatokana na sheria ya 1529 ya Mfalme Henry wa Nane, msimamizi alitakiwa aorodheshe mali akiwa na watu wasiopungua wawili halafu aipeleke mahakama ya kanisa, ndio, ya kanisa, hao ndo walioshika mirathi kule mpaka 1858. Shida ilikuwa madeni. Mdai asidhulumiwe, na msimamizi naye asije akabanwa alipe kuliko kilichoachwa. Ardhi haikuwahusu, ilikuwa na njia yake ya kwenda kwa mrithi, sehemu nyingi mtoto wa kiume mkubwa, Kent wana wa kiume waligawana sawa, na kuna vijiji kitinda mimba ndo alibeba. Ndo maana ngano ilosimama shambani imo, manake ni jasho la mtu, ila nyasi na matunda yaliyo bado juu ya mti hayamo kwa sababu yalihesabiwa kuwa ni ardhi yenyewe.

Sasa mke. Kwa sheria yao mwanamke akishaolewa vyombo vyake, pesa yake, ng'ombe aliyekuja naye, vyote vinakuwa vya mume, hiyo hali mpaka 1882 ndo ikabadilishwa sawasawa. Kwa hiyo sio kwamba vitu vyake havimo, vimo, ila vimeandikwa vya mume! Hizo sufuria za shaba jikoni unajuaje hakuja nazo yeye? Bibi yako angesikia haya angecheka, yeye kasha lake na dhahabu zake hata babu alikuwa hagusi, na kwenye mirathi bado alikuwa na thumuni yake ya Qur'ani juu. Ukitaka orodha za wanawake wa kule tafuta za wajane na ambao hawakuolewa.

Kitanda ndo kimenifurahisha. Umeshangaa godoro la manyoya, mto mrefu, mapazia na mablanketi kuwekewa bei kubwa vile, kumbe hicho kitanda kikikamilika na nguo zake kinaweza kupita bei ya ng'ombe. Kuna padri wa Radwinter, Essex, William Harrison, 1577 aliandika wazee wa kijiji chake walivyosimulia maisha yalivyobadilika wao wakiona, zamani walilalia majani makavu na gogo zima chini ya kichwa, mto walisema ni wa mzazi aliyetoka kujifungua, na sahani zilikuwa za mbao kabla hazijaja za bati. Kwa hiyo huyo mkulima wako kuwa na godoro la manyoya ni mtu aliyejikaza, wajukuu wa wale wa magogo.

Na usivione ni vikorokoro tu. Mkubwa akishachukua shamba, hawa wadogo na mabinti ndo waliangukia humo, kitanda, sufuria, kondoo kadhaa, na binti alihitaji hivyo ili aolewe, kule mali ilitoka kwa bibi harusi sio kama sisi tunavyosubiri mahari kwa upande wa bwana.

Hebu uliza hapo maktaba kama wosia wake upo, mara nyingi huwa unahifadhiwa pamoja na orodha. Shamba kama aliligusa utalikuta humo, na utaona mjane kaachiwa nini, Shakespeare mwenyewe 1616 alimwachia mkewe kitanda cha pili kwa uzuri, watu mpaka leo wanabishana alimaanisha nini. Ukipata nitumie wasap, ila safari hii piga picha kwenye mwanga. Na shangazi yako kasema humpigii.

Mama yako