Shangazi, kila nikienda hospitali narudi na dawa za UTI

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 28, ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Morogoro na mume wangu. Huu ni mwaka wa pili naumwa tumbo kwa chini, upande wa kulia. Siku za hedhi siwezi kusimama darasani, na tendo la ndoa limekuwa mateso. Nimezunguka zahanati na vituo vya afya hadi nimechoka. Mara UTI, mara taifodi, mara PID (maambukizi ya viungo vya uzazi). Nameza dawa, nachomwa sindano, maumivu yanarudi. Mwezi wa tatu nilijilipia ultrasaundi, wakakuta uvimbe wenye maji kwenye ovari ya kulia, sentimita 6.2. Daktari niliyempelekea majibu aliyatupia jicho akasema, "Hivi ni vya kawaida kwa wanawake, zaa utapona." Mama mkwe anasema ni chango, ameniletea mizizi ya kuchemsha. Mume wangu akiniona nimejikunja ananyamaza tu. Nimeanza kujiuliza kama naumwa kweli au nadeka. Nifanyeje?*

*Mwalimu, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na hudeki. Ulitoa fedha yako mfukoni kutafuta jibu ambalo hukupewa, na kipimo kikaonyesha kwamba kitu kipo. Shaka hiyo uitoe moyoni leo, kwa sababu ukiingia nayo kwa daktari itasikika kwenye sauti yako.

Barua yako nimeirudia mara tatu. Kilichonigusa ni kwamba mimi umenieleza vizuri kuliko ninavyohisi umewahi kumweleza daktari yeyote. Tuseme ukweli kuhusu lugha yetu. "Tumbo" letu linaanzia chini ya mbavu linaishia kwenye kinena. Mgonjwa akisema naumwa tumbo, tabibu mwenye foleni hadi nje ya mlango anawaza amiba, minyoo, taifodi. Mwanamke akiongeza "kwa chini", inaandikwa UTI. Halafu kuna adabu tulizolelewa nazo. Daktari anauliza habari, nawe unajibu, "Nzuri, ila naumwa kidogo." Kidogo! Mtu aliyelala sakafuni usiku kucha anasema kidogo, kwa kuwa kulalamika mbele ya mkubwa ni aibu. Daktari naye anaandika alichosikia.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Nilikuwa na miaka 31, nikaambiwa ni mawazo, nipumzike. Nilikubali na nikashukuru. Wiki chache baadaye maumivu yalinikamata ghafla nikiwa sokoni, nikatapika, nikabebwa. Uvimbe ulikuwa umeisokota ovari hadi damu haifiki tena, ikabidi iondolewe. Mtoto wangu wa mwisho nilimzaa baada ya hapo, kwa ovari moja iliyobaki. Lakini ile nyingine ingeweza kuokolewa, na hilo bado linaniuma.

Basi kabla hujarudi hospitali, kaa chini uandike. Si hadithi ndefu, sentensi chache tu ambazo hata ukitetemeka utazisoma. Mfano: "Daktari, nina maumivu hapa", na uonyeshe kwa kidole kimoja, usipapase tumbo zima. "Yana miaka miwili. Yanazidi siku za hedhi. Nikikutana na mume wangu naumia kwa ndani. Mwezi uliopita nimekosa kazi siku kadhaa. Nimetibiwa UTI, taifodi na PID, sikupona. Ultrasaundi ya mwezi wa tatu ilionyesha uvimbe wa sentimita 6.2 kwenye ovari ya kulia." Idadi ya siku ujaze za kwako, za kweli. Siku ulizoshindwa kufundisha zina uzito kuliko kusema yanauma sana, maana kila anayeingia mle ndani anasema yanauma sana. Taja pia kama unaumia unapokwenda haja kubwa siku za hedhi. Najua ni maneno mazito kuyatamka, hasa kama daktari ni kijana wa umri wa mdogo wako. Yatamke hivyo hivyo.

Na daftari lako, mwanangu. Wengi wetu tukihama kituo tunanunua daftari jipya, na ugonjwa unaanza upya kama wa jana. Kusanya yote. Daktari akiyafungua mfululizo na kuona UTI, dawa, UTI, dawa, UTI, atalazimika kujiuliza swali ambalo hakuna aliyejiuliza. Nawe muulize kama mkojo wako umewahi kuoteshwa maabara (kuwekwa siku chache waone kama kuna vijidudu vinavyoota), au uliangaliwa tu kwa kile kijiti na hadubini. Kama haukuoteshwa, hiyo "UTI sugu" haijathibitishwa. Kile kipimo cha taifodi cha tone la damu nacho hukosea mara nyingi.

Sasa kuhusu uvimbe wenyewe. Yule daktari alikuwa na nusu ya ukweli. Vivimbe maji kwenye ovari hutokea kwa wanawake wengi wanaopata hedhi. Vingi hutokana na upevukaji wa yai wa kila mwezi, na huondoka vyenyewe ndani ya mizunguko miwili au mitatu. Kwa umri wako vingi mno si saratani, kwa hiyo usiku ulale. Ila sentimita 6.2 si ya kutupiwa jicho tu. Kuanzia sentimita tano hivi, hatari ya ovari kujisokota huongezeka. Na kama tangu mwezi wa tatu mizunguko mitatu imepita bila kipimo cha pili, hakuna anayejua kama bado upo, umekua au umebadilika. Hapo ndipo pa kumbana kwa heshima: "Daktari, naomba kurudia ultrasaundi, na naomba ripoti iandike ukubwa na kilichomo ndani." Maji matupu ni jambo moja. Damu nzito ya zamani, au mafuta na nywele (ndiyo, vipo vivimbe vyenye nywele na hata meno, wala si uchawi), ni jambo jingine na matibabu yake ni mengine. Kwa mwanamke aliyeolewa, kipimo kinachopitia ukeni huonyesha ovari vizuri zaidi kuliko cha juu ya tumbo. Una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo.

"Zaa utapona" mimi siikubali hata kidogo. Maumivu yanayofuata hedhi, yanayokuja kwenye tendo la ndoa, pamoja na uvimbe kwenye ovari, yanatosha daktari kufikiria endometriosisi. Huo ni ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, wakati mwingine ndani ya ovari. Sisemi ndio unaokusumbua, mimi si daktari wako. Nasema una haki ya kuuliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unawapata karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, na mimba haiuponyi. Tena unaweza kuchelewesha mimba yenyewe, kwa hiyo mwanamke anaambiwa dawa yake ni kitu ambacho ugonjwa unamzuia kukipata. Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, aliusema hadharani ugonjwa huu alionao, upasuaji aliopitia na safari yake ya kutafuta mtoto. Mtoto alimpata, mwaka 2017.

Usirudi tena kwenye zahanati kuchukua dawa za shida hii. Wamefanya kinachowezekana pale, sasa omba barua ya rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko hapo hapo mjini kwenu. Piga hodi mapokezi uulize kliniki ya wanawake ni siku gani na bingwa anakaa siku ipi, usije ukapoteza ruhusa ya mwalimu mkuu bure. Kama una kadi ya bima, uliza mapema inalipia nini. Ukikataliwa rufaa, sema kwa upole, "Basi naomba uandike kwenye daftari kwamba niliomba, na sababu ya kutonipa." Ikishindikana hapo, mwone mganga mfawidhi wa kituo. Hapo si kushitaki mtu, ni ngazi iliyowekwa ili uipande.

Usitoke kwa bingwa bila kujua tarehe ya kurudi na kitakachofanyika kama hali haijabadilika. Wakitaja upasuaji, uliza kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa: wanatoa uvimbe na kuiacha ovari, au wanaondoa vyote? Waambie wazi kwamba bado unataka kuzaa. Wakikupa vidonge vya homoni, ujue huzuia vivimbe vipya na hupunguza maumivu ya hedhi, lakini haviyeyushi uvimbe uliopo.

Mizizi ya mama mkwe ipokee kwa mikono miwili, uiweke. Usiinywe. Hatujui inafanya nini kwenye ini, na kila mwezi unaochemsha mizizi ni mwezi ambao hujapimwa. Na wale wanaouza "dawa ya kuyeyusha uvimbe" kwenye simu, usiwapelekee hata shilingi.

Mumeo nenda naye. Inaniuma kuandika hivi, maana neno lako peke yako lingepaswa kutosha, lakini nimeona mara nyingi daktari akibadilika mtu wa pili akiwepo chumbani. Mwombe aseme alichokiona usiku ule mbaya kuliko yote, kwa maneno yake. Ukimya wake mimi siusomi kama dharau. Mwanamume asiyejua la kufanya hunyamaza, na hili ni la kufanya. Akikataa, mchukue mwalimu mwenzako aliyewahi kukushikia darasa.

Moja usilisubirishe. Maumivu yakija ghafla na makali upande mmoja, ukatapika, ukazimia, ukapata homa, au yakaja wakati umekosa siku zako, usingoje asubuhi wala siku ya kliniki. Tafuta usafiri uende hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huo huo. Mlangoni sema, "Nina uvimbe wa sentimita 6.2 kwenye ovari, naogopa umejisokota." Waombe wapime mimba pia, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huuma vivyo hivyo, nayo huua.

Ripoti ya ultrasaundi ya pili ikitoka, niandikie vipimo na walichokwambia. Jina lako halitatajwa hapa.

Shangazi