Vivimbe kwenye mizizi ya maharage: ni minyoo au?

SWALI: Habari mtaalamu, nimeng'oa mche mmoja wa maharage nikakuta mizizi imejaa vivimbe kama punje za mtama, jirani kaona akasema hiyo ni minyoo, eti ning'oe shamba zima nichome. Nichome kweli?

JIBU: Aisee, kiberiti weka chini kwanza. Chukua kivimbe kimoja ukisukume kwa ukucha. Kikibanduka kirahisi, yaani kilikuwa kimejishika ubavuni tu mwa mzizi, hicho ni kinundu cha bakteria na wala si ugonjwa. Vya minyoo fundo havibanduki maana ni mzizi wenyewe umevimba. Halafu kipasue katikati, ukikuta pinki au wekundu kama wa damu ujue kinapiga kazi.

Kazi gani sasa? Hewa yetu asilimia 78 ni nitrojeni ila mmea hauwezi kuitumia hivyo hivyo, atomu zake zimeshikana mbili mbili kwa bondi tatu na kuziachanisha ni shughuli pevu, viwanda vya mbolea vinatumia joto la nyuzi 400 na zaidi na presha kubwa ajabu, wakati hawa bakteria wanaitwa raizobia wanaigeuza kuwa amonia humo humo ndani ya kinundu bila moto wowote, wanatumia kimeng'enya kinaitwa naitrojenesi, na mharage unawalipa sukari. Shida ni kwamba oksijeni ikikigusa hicho kimeng'enya kinaharibika, ndo maana ndani ya kinundu kuna protini ambayo ni ndugu kabisa ya himoglobini ya damu yetu, kazi yake kuibana oksijeni isizurure. Hiyo pinki ndo yenyewe. Mi kila nikipasua kimoja nashangaa upya.

Ukikuta ndani kijani, kimeshazeeka. Cheupe, labda bado kichanga au bakteria waliomo wamekaa tu wanakula bure. Na usimwage urea nyingi, mmea ukipata nitrojeni ya dezo hausumbuki kulisha wageni, vinundu vinapungua.

Soya ina bakteria wake tofauti, kwenye shamba ambalo haijawahi kulimwa mara nyingi inabidi uchanganye mbegu na hao bakteria wa pakiti, fanya kivulini maana jua linawaua.

Siku ya kuvuna kata shina, mizizi iache ioze humo. Nitrojeni nyingi itaondoka na punje, hilo halikwepeki, ila hiyo inayobaki usiitupe, na majani na maganda rudisha shambani.