Jibu: Je, kuna haja ya kumlipa mwalimu wa mazoezi?

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kumlipa mwalimu wa mazoezi wakati video za bure zimejaa mtandaoni. Mimi nasema lipa, hata kwa miezi miwili tu. Video haikuoni. Karibu mwaka mzima nilichuchumaa na chuma begani huku magoti yakiingia ndani na visigino vikinyanyuka, nikidhani maumivu ya goti ni ya kawaida. Mwalimu aliyaona hayo siku ya kwanza: akapunguza uzito kwa nusu, akanifundisha kuyaelekeza magoti kule vidole vya miguu vinakoelekea. Pia huandika kilo ninazonyanyua, anaziongeza kidogo kidogo mwili unapozoea. Kama una presha au kisukari, mwone daktari kwanza. Na mwalimu asiyekuuliza habari za afya yako kabla ya kuanza, mwache.