Mkuu, mkupuo wako usiuguse mwaka mzima

Mkuu mleta mada, umesema unafikiria kustaafu mapema na kuuweka mkupuo wako, yaani ile sehemu ya mafao inayolipwa mara moja, kwenye kuku wa mayai. Usilipe hiyo advansi ya vifaranga. Na barua ya kustaafu kwa hiari kama bado iko kwenye flashi, iache huko huko. Nilitaka kupita kimya kwenye huu uzi, nikafika pale ulipoandika "mtaalamu ameniandalia mchanganuo, kuku 1,500 wa mayai, ndani ya miezi sita mtaji umerudi", nikashindwa. Huo mchanganuo naujua. Nilipewa kwenye semina ya wastaafu watarajiwa, ukumbi wa hoteli, chai na sambusa, jamaa kavaa tai anatuonyesha Excel ukutani. Mkupuo wangu ulikwenda na ile Excel.

Fungua ukurasa wenye gharama za chakula. Kama ni ule ule, utakuta "chakula cha kukuzia: mifuko 40". Sasa shika kalamu. Kuku wa mayai kutoka kifaranga mpaka aanze kutaga ni wiki 18 hadi 20, na katika muda huo anakula karibu kilo 7. Kuku 1,500 mara kilo 7 ni kilo 10,500. Kwa mifuko ya kilo 50 hiyo ni mifuko 210. Mifuko 40 inawafikisha wiki ya sita hivi. Baada ya hapo una midomo 1,500 bandani, hakuna yai hata moja, na miezi kama mitatu ya kununua chakula ambacho hakimo kwenye karatasi ya mtaalamu. Wakishaanza kutaga wanataka mifuko mitatu na nusu kwa siku, kila siku, Idi na Krismasi. Kuku hasomi Excel, mkuu. Anasoma debe la chakula tu.

Na hapo hujagusa chanjo za Gumboro na kideri, maranda, umeme wa kulea vifaranga, mshahara wa kijana wa bandani. Banda lenyewe lilikuwa limeshakula sehemu kubwa ya pesa kabla kifaranga wa kwanza hajashuka kwenye boksi.

Lakini banda na kuku havikuniumiza kama kilichofuata, na hapa naomba usome polepole. Pesa ya mkupuo ilipokata, kuku wakiwa hawajataga, nikampigia mtaalamu. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mzee, ukiwapunguzia chakula sasa hivi umepoteza kila kitu. Kuna watu wanakopesha wastaafu, pensheni yako ya mwezi ndiyo dhamana, siku hiyo hiyo unapata." Akanitumia na namba. Nikaenda. Ofisi ndogo, kiyoyozi, binti mpole, fomu za kurasa kadhaa ambazo sikupewa nafasi ya kuzisoma nyumbani. Nikasaini makato ya miaka mitatu. Nusu ya pensheni yangu ya kila mwezi inakatwa mpaka leo. Kuku wenyewe walichelewa kutaga kwa sababu walishashinda njaa, mayai yakawa madogo, mwishoni wachuuzi wakaja kuwabeba kwa bei ya nyama. Kuku wameondoka, makato yamebaki.

Mke wangu alizoea mwisho wa mwezi kununua kilo 25 za mchele. Sasa anapimiwa dukani kilo tano tano. Hakunisema hata siku moja. Mradi uliokufa unakumaliza mara moja, unalia, unaendelea. Pensheni ya mwezi uliyoiweka rehani unakutana nayo kila tarehe ya malipo.

Yule mtaalamu nilikuja kumjua vizuri baadaye. Vifaranga nilivyoelekezwa kununua alikuwa na kamisheni yake. Duka la chakula, kamisheni. Na wale wakopeshaji, nina hakika kabisa kuwa hakunitumia ile namba bure. Yaani mtu anapewa kipaza sauti mbele ya walimu na manesi waliofanya kazi miaka thelathini, anajua kila mmoja pale ndani anakaribia kushika pesa ambayo hajawahi kuishika maishani, na anawauzia mifuko 40. Hata hasara ya hizo hesabu haimhusu, yeye analipwa siku unaponunua. Namwombea Mungu amsamehe, mimi bado sijaweza.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na hata ukisahau kila kitu nilichoandika, shika hii: miezi 12 ya kwanza baada ya mafao kuingia, mkupuo hautoki. Si kwa mradi, si kwa shemeji, si kwa mtoto anayetaka kwenda nje, si kwa kiwanja cha "ofa inaisha Ijumaa". Mwaka mzima ishi kwa pensheni ya mwezi tu, uone maisha yako mapya yanagharimu kiasi gani. Ukitaka kuku, anza na kuku 50 kwa pesa ya pensheni. Wakifa 50 utajifunza kuhusu kuku, na nyumba yako itabaki.

Umeuliza pia utoke 55 au usubiri 60. Umesema mshahara milioni 1.2 na miezi 300 ya michango. Kikokotoo cha PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni miezi uliyochangia gawanya kwa 580, mara wastani wa mshahara wa mwaka kwa miaka mitatu iliyo bora. Nachukulia milioni 14.4 kwa mwaka. Ukitoka leo, pensheni ya mwaka kabla ya kugawanywa ni kama milioni 7.45. Asilimia 40 yake mara 12.5 ndiyo mkupuo: karibu milioni 37.2. Inayobaki ni pensheni ya mwezi, kama 372,000. Ukikaa mpaka miezi 360, mshahara ukiwa huo huo bila hata nyongeza, mkupuo ni karibu milioni 44.7 na mwezi ni kama 447,000. Elfu 75 kila mwezi mpaka unaingia kaburini, na katikati umelipwa mshahara wa miaka mitano. Unaacha hivyo vyote ukafuate mifuko 40?

Najua hapa jukwaani tumegombana sana kuhusu asilimia ya mafao inayotolewa kwa mkupuo. Kanuni za 2018 zilizoleta 25% mpaka Rais Magufuli akazisimamisha Desemba mwaka ule, kisha 33% kuanzia Julai 2022, kisha 2024 waliokuwa wanalipwa nusu zamani wakapandishwa hadi 40%. Mimi nilitoka kwenye 33% na nilitukana kama wengine. Leo nasema wazi: ningepewa 50%, banda lingekuwa kubwa zaidi na pensheni ya mwezi ndogo zaidi. Wenzetu Uganda, mfuko wao wa hifadhi ya jamii, NSSF, unatoa akiba yote kwa mkupuo ukifika 55, mwezi kwa mwezi hakuna kitu. Mtu akiimaliza, ameimaliza.

Pesa ikae wapi huo mwaka? Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unaweza kutoa pesa yako ndani ya siku chache za kazi ukiumwa. Sehemu nyingine weka hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba: Benki Kuu wanaanzia milioni 1, riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Fungua kwa jina lako mwenyewe, nenda kwa miguu yako benki au kwa wakala wa soko la hisa aliyesajiliwa. Mtu akikuambia umpe pesa akununulie, huyo ni ndugu wa yule mwenye tai.

Kesho kabla hujafanya lolote, tafuta mfugaji mwenye kuku wanaozidi 1,000, nenda bandani kwake saa kumi na mbili asubuhi, muulize swali moja: kabla ya yai la kwanza ulinunua mifuko mingapi? Usiende na mtaalamu wako.

Halafu rudi hapa uniambie: hiyo advansi umeshalipa au bado? Kama umelipa, una risiti yenye mhuri? Nina kijana wa sheria anayeweza kukuandikia barua ya kuidai leo hii, njoo inbox.