Baba Yake Babu Anaanzia Siku ya Ndoa, Kabla ya Hapo Hayupo

Karibuni tena wasomaji kwenye safu yetu ya maswali na majibu. Barua ya kwanza safari hii ni ndefu na imenigusa kweli, kwa hiyo nimeipa nafasi kubwa, zile mbili za mwisho nimezijibu kwa kifupi.

SWALI: Shikamoo mzee. Mi shida yangu ni baba yake babu. Kwenye rejista ya ndoa yupo, ameandikwa ana miaka 28, kazi seremala, baba yake katajwa jina tu na kuandikwa marehemu, mahali alipozaliwa hapajajazwa. Baada ya hapo anaonekana vizuri tu, sensa mbili, ubatizo wa watoto wake, mpaka kifo. Ila kabla ya ndoa hayupo popote, yaani kama alishuka toka mbinguni akiwa mtu mzima. Sensa ya kwanza ana 30, ya pili miaka kumi baadae ana 36, sasa nishike lipi? Mtandaoni nimekuta watu watatu wenye jina lake, na mmoja wao kuna mtu ameshamuunganisha kwenye mti wa ukoo wetu na wazazi wake kabisa. Nyumbani wanasema jina lilibadilishwa na karani wa bandarini aliposhuka melini. Nimetafuta mpaka nakata tamaa, nifanyeje? — *Kitukuu Anayetafuta*

JIBU: Marahaba mwanangu, na usikate tamaa maana ulichonacho sio kidogo hata kama wewe unakiona kidogo. Rejista ya ndoa peke yake ina kazi ya kutosha ndani yake, nitairudia.

Kwanza huyo aliyeunganishwa mtandaoni, muweke pembeni kabisa. Usimfute ila usimkubali. Inaniuma sana kuona mti wa ukoo wa watu umejengwa juu ya jina kufanana tu, afu mwingine ananakili, na mwingine ananakili kwa huyo, baada ya muda inaonekana watu wengi wamekubaliana wakati wote wamechota kwa mmoja ambaye alibahatisha. Una wenye jina watatu, wote wafuatilie kwenda mbele, usiwafuatilie kurudi nyuma. Anza na rejista za mazishi, sababu zamani watoto wengi walifariki wadogo na mara nyingi anayezaliwa baadae alipewa jina lile lile la marehemu, kwa hiyo unaweza kuwa umemshika mtoto ambaye hakufikisha hata miaka miwili. Kisha angalia nani kati yao alioa kwingine, au yuko kwenye sensa ya sehemu nyingine mwaka ule ule ambao wa kwako yuko nyumbani kwake na mkewe. Mtu hawezi kuwa sehemu mbili, huyo unamtoa. Ukimaliza ukabaki na mmoja bado hujathibitisha kuwa ndiye, ila angalau una mtu wa kumchunguza, na ukibaki bila hata mmoja pia umesogea.

Habari ya umri isikusumbue. 28, 30, 36, zote ni makadirio, watu wengi hawakujua siku waliyozaliwa na karani alitaka namba basi wakampa namba, ndo maana kwenye sensa za zamani utakuta umri unaoishia na sifuri au tano umejazana kupita kawaida. Wakati mwingine hata ni agizo la serikali, kwa mfano sensa ya Uingereza ya mwaka 1841 makarani waliambiwa mtu akizidi miaka 15 umri wake ushushwe mpaka kwenye tano iliyo karibu, kwa hiyo aliyeandikwa 35 anaweza kuwa na 39. Wewe piga hesabu ya mwaka wa kuzaliwa kwa kila karatasi, chukua wa mapema kabisa na wa mwisho kabisa, ongeza miaka michache kila upande, tafuta humo.

Sasa hilo la karani wa bandarini. Familia nyingi sana zina hadithi hiyo, hasa walio na wazee waliopitia Ellis Island kule New York, kituo kilichofanya kazi toka 1892 mpaka 1954. Ukweli ni kwamba makarani wa pale walikuwa wanahakiki watu kwa orodha ya abiria ambayo ilishaandikwa kule meli ilikotoka, hawakuwa wanagawa majina mapya. Waliobadili jina wengi walibadili wenyewe baadae, na walikuwa na sababu zao. Wako waliokimbia deni, waliotoroka jeshi, walioacha mke wa kwanza bila talaka, na wako waliozaliwa nje ya ndoa wakalelewa kwa jina la baba wa kambo na ukubwani wakachukua lingine. Mtu anayetokea ghafla akiwa mkubwa kama wa kwako lazima ulifikirie hilo, na ndo maana huyo baba aliyeandikwa marehemu usimwamini moja kwa moja, maana wapo waliotaja jina la baba ili tu wasiaibike mbele ya mchungaji. Ukishindwa kumpata kwa jina hili mtafute kwa jina la ukoo la mama yake, kama utalijua.

Na utalijua kupitia watu waliokuwa karibu yake, hapa ndo nataka utulie. Wewe umemtafuta yeye tu muda wote, jina lake, jina lake, wakati mtu anayejificha kwenye karatasi mara nyingi wenzake hawajajificha. Rudi kwenye ule ukurasa wa ndoa, angalia chini walipoweka sahihi mashahidi. Wako wawili au zaidi. Sasa funua kurasa za ndoa za miaka michache kabla na baada, soma mashahidi wa ndoa za watu wengine wote. Utaona jina moja linajirudia kila ndoa, huyo ni mhudumu wa kanisa, alikuwa anasaini kwa kila mtu, hana habari na babu yako. Yule mwingine ambaye hatokei tena kwenye kitabu kizima, pengine hata hajui kuandika kaweka alama ya X na karani kamwandikia jina pembeni, huyo ndo wa kumshika. Alitoka sehemu akaja kusimama na rafiki au ndugu siku ile. Mtafute yeye, maana inawezekana kabisa karatasi zake zinasema alikozaliwa, na watu walihama kwa makundi, mmoja anatangulia anavuta wengine, kwa hiyo alikotoka yeye ndo pa kwanza kwenda kutafuta wa kwako.

Fanya hivo hivo kwa wadhamini wa ubatizo wa mtoto wa kwanza, afu kwenye zile sensa mbili soma nyumba kadhaa juu na chini ya nyumba yake, angalia kama kuna mpangaji, seremala mwenzake, mama mzee anayekaa na jirani. Angalia pia kama alikuwa na mdogo wake aliyefariki miaka mingi baadae, sababu kadiri miaka inavyoenda karatasi zinajazwa vizuri zaidi. Vyeti vya vifo vya Marekani kwa mfano vingi vinataja wazazi wa marehemu, vya England na Wales havikuwa vinataja, na hata vinapotaja kumbuka aliyetoa taarifa alikuwa ni mtoto au mkwe ambaye labda hakuwahi kuwaona hao wazazi.

Kitu kingine, ulivyosema umetafuta sana nahisi umetafuta kwenye kisanduku cha kuandika jina. Kile kinatafuta kwenye faharasa tu, yaani orodha ya majina, na faharasa imetengenezwa na mtu au programu iliyosoma mwandiko wa karani na ikakosea, L ikawa S, T ikawa F, ukoo mzima unapotea hapo. FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, akaunti ni bure, na wenye tovuti walianza kupiga picha kumbukumbu za dunia kwa mikrofilamu toka 1938, zile roli zaidi ya milioni 2.4 walimaliza kuziweka kidijitali mwaka 2021, ila kurasa nyingi humo hazina faharasa. Fungua kitabu chenyewe ukisome ukurasa kwa ukurasa kama uko kwenye hifadhi ya nyaraka. Inachosha, najua, ila wengi wanapatikana hivyo. Na andika daftarini kila ulipotafuta hata kama hukupata kitu, kitabu gani, miaka gani, jina uliliandikaje.

SWALI: Habari za kazi. Ofisi ya kumbukumbu imenijibu kwamba vitabu vya miaka ile ninayoitaka viliungua. Ndo mwisho wa safari? — *Msomaji*

JIBU: Pole sana ndugu yangu, jibu hilo linaumiza, ila sio mwisho. Kwanza uliza ni vitabu gani hasa, sababu jibu la kuungua mara nyingine linatolewa kwa jumla. Kumbukumbu za wanajeshi wa Uingereza wa vita kuu ya kwanza ziliungua kwa bomu London mwezi Septemba 1940, zaidi ya nusu zikaenda, lakini kadi za medali zilibaki na kumbukumbu za pensheni nyingi zilibaki sababu zilikuwa zinatunzwa kwingine. Sensa ya Marekani ya 1890 karibu yote ilipotea, sehemu kwa moto wa Januari 1921 na iliyobaki ikaharibiwa baadae, watafiti wanaziba pengo kwa orodha za kodi na vitabu vya wakazi wa mijini. Swali lako liwe hili: nani mwingine alipewa nakala au alikuwa na sababu yake ya kumwandika mtu huyu? Parokia za England kwa mfano toka 1598 zilitakiwa kupeleka nakala kwa askofu kila mwaka, kitabu kikiungua huenda nakala ya askofu ilibaki. Uliza mahakamani, ardhi, mirathi, shule, mwajiri, magazeti.

SWALI: Kaka naomba msaada. Nina hela ya kipimo kimoja tu cha DNA na ninayemtafuta ni baba wa baba wa babu yangu. Shangazi yake baba bado yuko hai, mzee sana. Nipime mimi au yeye? — *Dada Mwenye Haraka*

JIBU: Yeye, dada yangu, bila kufikiria mara mbili. Kila kizazi DNA ya mzee fulani inapungua kama nusu, yeye huyo unayemtafuta ni babu yake kabisa kwa hiyo amebeba kama robo, wewe umebaki na kama sehemu moja ya kumi na sita na hiyo inaweza kupungua zaidi kwa bahati tu. Watu atakaofanana nao kwenye majibu watakuwa wengi na wa karibu zaidi kuliko wako. Chukua kile kipimo cha kawaida kinachosoma pande zote, kile cha Y kinasoma kromosomu inayopita kwa wanaume peke yao, baba kwa mwana, shangazi hawezi kukifanya, hicho siku ukipata hela umtafute kaka wa ukoo anayetoka mstari ule wa wanaume watupu.

Kabla hajatoa mate mweleze kila kitu, kwamba majibu yanaweza kuonyesha ndugu ambao hamkuwajua au kwamba mtu anayeitwa baba siye, na aridhie kwa kinywa chake mwenyewe bila kusukumwa na nyie vijana. Akisema hapana basi mheshimu, fedha yako mpime mwanae mmoja kama yupo na ameridhia, au baba yako, bado hao ni bora kuliko wewe.