Usikate kichwa cha grevilea: jibu kwa dada wa Keshero, mtaa wa Goma

Dada, umesema grevilea yako, ule mti wa kivuli na kuni, imeshapita paa, avoka (mparachichi) inanyauka kwa kipwa hiki, yaani kiangazi, na jirani anakushauri ukate vichwa vya miti yote miwili kabla mvua za Septemba hazijaanza. Mimi nilimsikiliza jirani wa namna hiyo mwaka 2011. Acha nikusimulie.

Niliita vijana wawili wenye panga, wakaifupisha grevilea mpaka ikabaki nguzo. Nilijiona mjanja, maana hata kuni za wiki kadhaa nilipata. Nguzo ikachipua kama ufagio, machipukizi yakakimbilia juu kwa fujo, nikasema mti umepona. Kumbe machipukizi yale hayashiki kama tawi la asili. Yameng'ang'ania ganda tu, pembeni ya kidonda, na kidonda chenyewe kinaoza kuelekea chini polepole. Mwaka wa nne, jioni moja ya Oktoba, ule upepo unaotangulia mvua ukanyofoa mawili yenye unene wa paja. Moja likatoboa mabati ya chumba cha watoto. Hawakuwemo, Mungu mkubwa.

Avoka nayo ilianguka nzima, msimu mwingine. Asubuhi tukaenda kuitazama. Mizizi ilikuwa bapa kama ungo, kina chake hakifiki hata mkono mmoja, na chini yake jiwe la volkano jeusi, limelowa. Katikati ya ungo, mizizi mitatu minene ilikuwa imejizungusha kama kamba iliyokunjwa, kwa umbo lilelile la sashe nyeusi, kifuko cha plastiki, niliyouziwa mche ndani yake. Miaka tisa mti ulikuwa bado unaishi ndani ya sashe!

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mti huangushwa Julai, upepo unakuja kumalizia tu. Goma tunakaa juu ya lava, mawe ya volkano yaliyoyeyuka yakaganda. Ile ya volkano ya Nyiragongo, ya tarehe 17 Januari 2002, ilipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, nasi tukajenga juu yake, tukamwaga udongo wa lori moja au mawili, tukapanda. Maji hupenya mle kama kwenye chujio. Mvua ya Mei inaweza kuwa kubwa, lakini Juni ikipita mti uko juu ya mwamba mkavu. Vijizizi vidogo vinakufa, kisha Septemba inakuja na dhoruba zake.

Kwa hiyo anza na maji, kukata kuje baadaye. Najua bei ya bidoni (dumu) ya maji, usinicheke. Mimi natoboa bidoni ya lita 20 kwa msumari, tundu moja dogo upande wa chini, naiweka pale kivuli cha matawi kinapoishia. Maji yanatoka taratibu na kuzama badala ya kukimbilia kwa jirani. Avoka kubwa naipa bidoni tatu au nne kwa wiki, kila mara sehemu tofauti. Kumwagia kikombe shinani kila asubuhi ni kuuzoesha mti kubakiza mizizi juu. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa, yenye javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, hapana. Halafu tandaza majani makavu, unene wa kiganja, lakini yasiguse shina, maana ganda likikaa na unyevu linaoza. Na yule anayefagia parsela (kiwanja) mpaka udongo ung'ae kama sebule, mwambie apumzike.

Kupunguza matawi kunaruhusiwa, ila kwa msumeno. Toa yaliyokufa, yanayosuguana, na yaliyolalia paa. Tawi zito lisikatwe kwa mkato mmoja, litaanguka na kuchuna ganda la shina. Kata kidogo kutoka chini kwanza, mbali na shina, kisha kutoka juu mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke. Kisiki kinachobaki kikate mwisho, nje tu ya ule uvimbe ulio kama shingo mahali tawi linapotokea. Uvimbe huo usiuguse, ndio unaofunga kidonda. Rangi na oili chafu wanazopaka watu hazisaidii. Usizidishe robo ya majani kwa mwaka, hasa avoka: ukiifungua sana jua la kipwa linababua ganda.

Kuna miti ambayo hata mimi nasema iondoke. Ukiona udongo umepasuka au kuinuka upande mmoja wa shina, uyoga umeota chini, au shina limegawanyika kama V na ganda limebanwa katikati, usingoje Septemba. Mti ukiwa karibu na waya za umeme, vijana wa panga wasipande kabisa. Na radi ikianza, watoto wasikimbilie chini ya mti wowote. Kivu yetu si mahali pa mchezo: Kabare, ng'ambo ya ziwa upande wa Bukavu, imo katika orodha ya sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani.

Ukija kupanda mwingine, vunja mwamba kwa mtaimbo upana wa mita moja na zaidi, chana sashe yote, nyoosha mizizi au ikate ile iliyojizungusha. Kamba ya kuufunga mche kwenye mti wa kuegemea iwe legelege, na baada ya mwaka iondoe.

Picha uliyonitumia inaonyesha majani tu. Fukua udongo kidogo pale shina linapoingia ardhini, piga picha hapo. Nataka kuona kama kuna mzizi uliolikaba.